Jeanne Asikae Chini ku Kilio Yangu

Elfu tisa! Stanislas, rudi hapa ndani na ile hesabu yako, juu mimi sijafa bado na masikio yangu ingali inasikia. Faranga elfu tisa ya samaki yangu, ya miaka yote ile ya kukaa ku soko jua mu kichwa na chumvi mu vidole, na wewe unasimama nje ya dirisha na ndugu yako munaikata-kata sawa nyama: mbuzi ni bei gani, pombe ya lutuku madumu mangapi, kamyo ya kuleta bantu kutoka Kambove itadai nini. Mwenye kufa angali anakunywa uji, na pombe ya kilio yake imekwisha kununuliwa! Nani alikuambia nataka kamyo? Nani alikuambia mbuzi? Ulimuahidi shangazi yako, dada ya baba yako, jina lake Mujinga, ehe, nilisikia: «Kilio ya mama itapita ile ya baba.» Basi mimi mama mwenyewe nakataa.

Ingieni bote babili. Rigobert, egemeza ile kinga, ile baiskeli yako, ku ukuta, haitakimbia. Jeanne, mama, binti yangu, wewe usitoke, na usikae ku mukeka, vuta kiti. Ku kiti, nimesema. Leo sauti ingali na mimi, kesho sijui. Padri alisha kunipaka mafuta, na hii kifua inavimba kila asubuhi kupita jana yake. Kwa hiyo nipeni masikio, batoto ba Floribert, na musinikatize, juu nikikatizwa nakasirika, nikikasirika pumzi inaniisha, na pumzi iliyobaki haiko yangu peke yangu, iko yenu pia.

Naanza na neno lenyewe, juu sikuzoea kuzungusha. Ku soko nilipima samaki mbele ya macho ya muntu, na kichwa iliyooza nilimuonyesha kwanza mbele hajatoa pesa. Neno njo hili: Jeanne asikae chini ku kilio yangu. Yote yatakayofuata ni majani tu ya kufungia samaki huyo.

Munajua desturi ya ukoo wa baba yenu. Baba au mama akifa, binti yake anashuka chini, ku udongo, bila kitanda. Haogi, hali mpaka maiti izikwe, na kisha anabaki pale pale, anameza kidogo kile anachopewa na wakubwa, na hatoki mu nyumba mpaka kilio ivunjwe. Kusimama na kutembea, banasema, njo kumukimbia maiti. Sikatai desturi ya bantu, nami nilikaa chini kwa mama yangu, mifupa yangu ilikuwa mizima na damu yangu ilikuwa damu tu. Lakini nguo ya muntu mwenye afya haimuenei mugonjwa. Huyu dada yenu iko na magonjwa mawili mu mwili moja, na kila moja inachukia dawa ya mwenzake, na ile sakafu ya kilio inachukiwa na yote mawili.

Stanislas, unaangalia viatu. Angalia uso wangu.

Ugonjwa ya kwanza mulizaliwa munauona. Pierre wetu, ndugu yenu, njo aliufungua mulango. Mulikuwa badogo, labda wewe Rigobert hukumbuki, lakini Stanislas unakumbuka vile vidole vyake vilivimba sawa viazi, vile alilia baridi ikija, na vile tulimuzika nyuma ya kambi ya njanja, ya bantu ba reli, mbele hajaota meno ya pili. Shangazi yenu alisema damu ile mbaya ilitoka kwetu. Kaka zangu balisema ilitoka kwa Floribert. Tulitukanana miaka, mupaka njia ya kati ya nyumba ya shangazi na yetu ikaota majani. Kisha Jeanne naye alianza kulia mifupa, na munganga wa kizungu alichukua damu yangu na ya baba yenu, akaangalia mu kioo chake cha kukuza, na infirmier Chanda, musaidizi wake, akatufasiria kwa Kiswahili kilichonyooka: chembe za damu ya mutoto huyu zinapinda sawa mwezi mchanga, zinakwama mu mishipa, na pale zinakwama njo panauma. Na hakuna muzazi moja anayeweza kumupa mutoto ugonjwa huo peke yake. Baba alileta nusu, mama alileta nusu. Nusu ikiwa peke yake inalala kimya mu mwili mpaka uzee. Basi ugomvi yote ile, ile ya miaka, ilikuwa ya vipofu babili banaopigania kioo. Nasema hivi juu ya wewe, Rigobert, unayemuzunguka yule binti wa mutaa wa Kenia na kinga yako kila siku ya Mungu: mbele ya mahari, nyote babili muende kwa Chanda, damu zenu ziangaliwe. Usione haya. Haya haijamuzika muntu, mutoto njo anazikwa.

Ugonjwa ya pili ni sukari. Ulikuja Jeanne akiwa mukubwa tayari, kiu isiyoisha, kukojoa kusikoisha, mwili ukaisha sawa sabuni. Hapo kila asubuhi sindano. Na munganga akasema maneno ambayo mulisikia nyote batatu, na kila moja wenu akaenda na kipande yake: akasema sukari ya damu inataka muntu atembee, misuli ikifanya kazi inaikula, lakini huyu kwa sababu ya damu yake asichoke, asipigwe na baridi, asikauke maji.

Wewe Stanislas ulibeba kipande gani? Ulibeba «atembee.» Ulisoma kwa bafrere ba misioni, ulifundishwa zimnastike, mikono juu, mikono chini, basi ukamutoa dada yako nje mwezi wa sita, umande ungali mweupe ku majani, ukamukimbiza kuzunguka lupango, ua yetu yote, sawa askari. «Moja, mbili! Sukari inataka jasho, Jeanne! Acha uvivu!» Nilitoka na mwiko wa bukari, ule wa kusongea unga, mu mukono, munakumbuka, nikakupiga nao mbele ya majirani, wewe mukarani mwenye kalavati ku shingo. Lakini nilichelewa. Jioni ile ile mifupa ilimushika, miguu na mugongo, na hatukujua tumugeuze upande gani.

Na wewe Rigobert, usicheke, kipande yako ilikuwa «asichoke.» Ukamuweka mu kitanda sawa yai. Ukamupeleka kila pahali na kinga, hata ku choo ungemupeleka na kinga kama mulango ungekuwa mupana. Chai tamu asubuhi, chai tamu jioni, mikate, ndizi, «kula dada, upate nguvu.» Mapenzi yako ilikuwa ya kweli, na sukari ikapanda mupaka macho yake yakaona ukungu na kidonda ya muguu ikakataa kufunga. Moja alimukimbiza kuelekea kaburi, mwingine alimubeba kwenda pale pale. Sijui nani alikuwa na haraka zaidi.

Sasa nawaambia vile mimi nilifanya naye, juu kesho ni ninyi. Kwanza anakula, uji usio na sukari au bukari na samaki, baada ya sindano, bila kungoja saa nyingi. Kisha tunangoja jua lipashe ukuta. Anavaa viatu, siku zote viatu, hata ndani ya lupango, juu kidonda kidogo kwake ni shimo. Chupa ya maji mimi ninaibeba, na anakunywa mbele ya kiu. Hapo tunatembea mupaka soko, mwendo wa bamama banaosengenya. Chanda alisema hivi, «Mama Laurentine, kama anaweza kusengenya bila kuhema, njo mwendo wake,» na mimi nikamujibu kazi hiyo tunaiweza vizuri sana. Akihema, tunasimama kuangalia vitambaa ku maduka ya Bagiriki hata kama hatununui. Akisema «mama, goti linasema,» tunarudi, hatubishani na goti. Na mu kitambaa changu nafunga sukari kidogo. Ndiyo, sukari! Adui mwenyewe anatembea na sisi, juu sindano na mwendo wakati mwingine vinaishusha kupita kiasi, na hapo anatetemeka, jasho la baridi, maneno yanapotea, na tukichelewa kumupa ile sukari anaanguka kabisa.

Na siku ambazo hatutembei, jifunzeni pia. Muko na ile maji ya bluu ya Chanda, rangi ya jiwe ya shaba. Unaichemusha na mukojo wake kidogo. Ikibaki bluu, muzuri. Ikiwa rangi ya majani, angalia chakula. Ikigeuka nyekundu sawa tofali na yeye anatapika au anahema, usimutembeze hata hatua, mupeleke ku lupitalo, kwa munganga. Sukari ikipita kiasi inamutoa maji mu mwili, damu inakuwa nzito, na damu nzito inaamsha mifupa. Munaona vile inashikana? Kidole kimoja hakiuwi chawa, na ugonjwa moja hauuwi Jeanne. Yanamuua yakishikana mukono.

Nipe ile mito nyuma, Rigobert. Hivyo. Hapana, usinipangusie uso, mimi si sahani.

Sasa nawarudisha ku kilio ya baba yenu, juu munafanya sawa muliisahau, na mimi sikuisahau. Asubuhi ile Jeanne alisha kupigwa sindano, uji ulikuwa juu ya moto, na njo habari ikaingia kwamba Floribert amekufa. Bamama ba ukoo bakamushusha chini mbele hajaonja hata kijiko. Mimi balinifungia mu chumba ya nyuma, kwa desturi ya mujane. Jua halijafika katikati, mutoto akaanza kutetemeka, jasho, macho yanazunguka, anaongea maneno yasiyo na kichwa. Chanda angesema: sukari imeshuka, mupe tamu. Lakini Chanda hakukuwapo. Shangazi yenu akapiga mikono. «Ni yeye! Ni Floribert! Ameingia mu binti yake!» Akapiga magoti, bote bakapiga magoti, bakamuzunguka mugonjwa bakamuuliza maswali. «Ndugu yangu, nani alikukula? Taja!» Na Jeanne, maskini, anaita kile kila mutoto mwenye njaa anaita: «Mama. Mama. Mama.» Basi njo vile nilipata kuwa mulozi, muchawi aliyemuuwa bwana yangu. Kwa njaa ya mutoto wangu!

Na wewe Stanislas, nilikuona kwa tundu ya mulango. Wewe mwenye kadi ya kuingia pahali pa bazungu, ulikuwa magotini pamoja nao, na unamuuliza baba yako aliweka wapi karatasi ya lupango.

Nilivunja ile mulango na bega. Balinivuta kitambaa, mumoja alinikwaruza hapa ku shingo, nikafika na sukari mu kiganja na maji mu kikombe, nikaikoroga, nikamunywesha kidogo kidogo kwa pembe ya mudomo. Tulingoja. Kisha akaangalia bantu bote juu ya magoti, akasema: «Mama, haba bantu banatafuta nini chini? Bukari iliungua?» Ungecheka, kama hakungekuwa na maiti.

Lakini hapo hapakuisha. Bakasema roho imetoka kwa sababu nimeifukuza, na bakamukatalia kutoka. Siku zote za kilio hakuna sindano, hakuna mwendo, maji kidogo juu mwenye kulia hanywi sana, na sakafu ya mwezi wa saba ambayo hata mbwa anaikataa. Sukari ikapanda, maji yakamutoka, damu ikawa nzito, na njo mifupa ikaamka yote mara moja. Alilia sauti ambayo hata bale balikuja kulia kwa kazi balinyamaza. Tulimubeba ku lupitalo mu tipoyi, machela ya milango, na munganga akaniambia mbele ya Chanda: mara ingine ya hivi hatarudi.

Mara ingine njo mimi. Munaelewa? Mara ingine iko ku hii kitanda inaongea na ninyi. Mimi niliyemubeba, maiti yangu njo itamuuwa, na ni mwezi wa saba tena, na wewe unahesabu mbuzi.

Najua utasema nini, nilikuzaa. «Mama, bantu batasema nini?» Batasema Jeanne hakumupenda mama yake. Batasema mulozi amezaa mulozi. Baseme! Ulimi hauna mufupa, Jeanne njo iko na mifupa. Kuko bantu banaopenda maiti kuliko muzima, juu maiti haiombi kesho chakula. Shangazi yenu Mujinga sio mubaya. Alimupenda kaka yake, na huzuni yake ilitafuta pahali pa kuuma, ikapata shingo yangu. Nimemusamehe. Mumuambie hivyo, lakini mumuambie mukiwa mumesimama mu mulango.

Mali yangu haina maneno mingi. Lupango hii ni ya Jeanne kukaa mupaka mwisho wake, hakuna kuuza, hakuna kupangisha chumba chake. Meza ya soko ni ya Rigobert na yule binti kama damu zao zitakubaliana na kama ataacha kupunja ku kipimo, nilikuona juma ile. Saa ya baba yenu ni ya Stanislas, pamoja na jina ya mukubwa wa nyumba. Ninadaiwa unga na mama Claudine wa ile kona, mulipeni mbele ya kunizika, nisikutane naye huko nikiwa na haya. Na ile elfu tisa: sanduku ya mbao ya kawaida, misa moja, kahawa na mikate ya bantu baliokuja. Ile yote inayobaki ni ya viatu vya Jeanne, mablanketi, sindano zake, na samaki wake. Hakuna kamyo. Ba Kambove banaonipenda bataniombea Kambove.

Siku nitakapokufa, sikilizeni vile itaendeka. Mumuletee Jeanne kiti, na blanketi, karibu na maiti kama anataka, anilie vizuri, machozi hayana sukari. Chanda aje na sindano hapa hapa. Ale mbele ya bantu bote, asifichwe jikoni sawa mwizi. Na jua likipasha ukuta, ndugu yake moja amushike mukono amutoe nje, batembee mupaka soko na kurudi, hata kama padri anasoma, hata kama sanduku inatoka. Kunizunguka mimi hakutanisaidia kitu. Mwendo wake njo kilio yangu.

Jeanne, mama. Wewe pia nakugombeza. Kwa baba yako uliona kiu ukanyamaza, uliona baridi ukanyamaza, kwa heshima. Heshima ya kujiua siitaki. Bakikuambia shuka, ukatae kwa sauti yangu. Unayo, nimeisikia siku ukigombana na muuza nyanya.

Lakini sauti ya binti mu kilio ni sawa mvua juu ya mabati, inapiga kelele na hakuna anayefungua mulango. Rigobert ni mudogo, batamusukuma. Mu ukoo wa baba yenu, mu kilio ya mama, ni mutoto mwanaume wa kwanza tu anayeweza kusema «hapana» na wakubwa bakakaa. Njo maana nagombana na wewe, Stanislas, sina mwingine wa kugombana naye. Wewe uliahidi kilio kwa shangazi yako. Utairudisha ile ahadi.

Maji. Kidogo. Jeanne, unywe na wewe.

Mungu awaongoze, batoto bangu. Awape nyumba ambamo mugonjwa haogopwi. Rigobert, mukono wako upate wateja na usipoteze ukweli. Jeanne, miguu yako… miguu yako ibarikiwe, ikufikishe kila siku na ikurudishe. Stanislas, wewe nitakubariki nikiisha kusikia.

Usilie. Sitaki machozi, na sitaki «tutaona, mama.» Mimi nimeona, kwa tundu ya mulango. Nilikubeba, nilikusomesha na samaki, sikukudai hata siku moja. Leo nadai. Sema mbele ya dada yako na ndugu yako: atakaa ku kiti, atakula, atatembea. Pumzi… haiko tena mingi. Sema sasa, nisikie.

Nakudai neno moja, Stanislas. Lipa.